Uliza Mkalimani: "Nimekua na lugha ya alama tangu mtoto, mbona wananiambia bado sio mkalimani?"

Habari zenu wasomaji. Safu iliyopita nilisema kujua alama ni kitu kimoja na kuwa mkalimani ni kitu kingine, alafu nikaongeza kwamba mtu ambae hajapimwa asiitwe kwenye chumba cha daktari wala mahakamani. Basi simu ya ofisi imejaa meseji, nyingi za Tabora na Kigoma, kuna walioshukuru na kuna walionuna kabisa. Nimechagua chache, majina nimeyaacha kama kawaida yetu.

Shikamoo bi mkubwa. Mi ni binti, nakaa Isevya hapa Tabora mjini. Kaka yangu ni kiziwi, tumekua wote, alama nimezijua kabla ya darasa la kwanza. Mtaani kiziwi akiwa na shida wananiita mimi, kliniki wananiita, kwa mtendaji wananiita, kanisani ndo usiseme. Juzi kulikua na semina ya shirika moja nikaenda kuomba kazi ya ukalimani, wakaniuliza cheti, sina. Alafu kuna mkaka kiziwi alikua kwenye kamati akaniambia kwa alama "wewe unajua alama za kaka yako tu". Niliumia. Hivi mtu aliekua na lugha anahitaji cheti kweli? Na kama nahitaji nasomea wapi, maana pesa ya kwenda kukaa Dar sina.

Marahaba mwanangu, pole. Ila yule kaka hajakutukana. Kakufanyia usaili wa bure na kakupa majibu palepale, na mi naona majibu yake yana maana kuliko ya hao waliouliza cheti tu wakaishia hapo.

Tuanze na hilo la alama za kaka yako. Nyie watu wa Tabora mnakaa juu ya historia hamjui tu. Shule ya kwanza ya viziwi nchi hii ilifunguliwa hapohapo kwenu mwaka 1963, na Kanisa Katoliki. Miaka ile mkazo wa walimu ulikua mtoto asome midomo na ajifunze kutamka, kwahiyo alama ikawa ni kitu cha watoto wenyewe kwa wenyewe. Buguruni kule Dar ikaja 1974, Mwanga ya Kilimanjaro ikaja mwanzoni mwa miaka ya 80, na kila shule watoto wake wakawa na alama zao, zingine zinafanana na za wenzao zingine hazifanani kabisa. Hii tunayoiita LAT, yani Lugha ya Alama ya Tanzania, kazi ya kuikusanya na kuiandikia kamusi imefanyika baadae sana, CHAVITA, yani Chama cha Viziwi Tanzania, wakiwa mstari wa mbele. Sasa chukua mzee aliesoma Tabora miaka ile ya sitini, chukua kijana aliesoma Buguruni, chukua na mama wa Sikonge ambae hajakanyaga shule yoyote na anaongea kwa alama walizotunga nyumbani yeye na dada zake, waweke chumba kimoja alafu we uingie na alama za kaka yako. Mmoja utamwelewa, wa pili utabahatisha, wa tatu utakua unaitikia kwa kichwa kama umeelewa kumbe hujaelewa kitu. Na kuitikia kwa kichwa bila kuelewa ndo dhambi ya kwanza kwenye hii kazi.

Mkalimani aliefundishwa anafika mapema anakaa na kiziwi dakika tano tu, umesoma wapi, nyumbani mnaongeaje, hii alama kwenu mnaifanyaje, wanapiga stori hata ya mvua. Hapo anakua ameshampima. Akikutana na yule mama wa Sikonge anajua kusema mi peke yangu hapa siwezi, nitafutieni kiziwi mzoefu tufanye wawili. Mi nachukua maneno ya daktari nampa mwenzangu kwa LAT, yeye anayageuza kwa vitendo na ishara mpaka mama anaelewa, na majibu yanarudi kwa njia ileile. Hao wanaitwa wakalimani viziwi, nchi za wenzetu wanasomea na wanalipwa, kwetu bado mtu akisikia kiziwi ni mkalimani anacheka.

Alafu jipime mwenyewe kabla hujapimwa na mtu. Muombe kiziwi ambae sio ndugu yako akusimulie kitu dakika kumi, safari ya treni ya Kigoma, ugomvi wa shamba, chochote kile, we ukae mbele yake useme kwa sauti papohapo anachosema, simu inarekodi, na usimkatishe. Ukimaliza sikiliza. Watu wengi kutoka sauti kwenda alama wanajitahidi, kurudi huku kwenye sauti ndo unasikia "anasema... eeh... kuna mtu kama alienda... yani hakufurahi". Kiziwi wa watu kaongea vizuri kabisa, kapanga hoja zake, alafu kwenye mkutano anaonekana hajui anachotaka kwa sababu ya sauti aliyopewa. Nimeona wanakosa hadi nafasi za uongozi kwa hilo.

Na chukua kliniki unakosema wanakuita. Dirisha la dawa mtu anapewa kibahasha kimeandikwa 1x3. Anaesikia anaambiwa moja asubuhi mchana jioni, kaondoka. Mtu wa kuitwa tu mtaani anaonyesha moja, anaweka alama ya mara, anaonyesha tatu, kiziwi anaitikia, kila mtu ameridhika. Nyumbani anameza vitatu kwa mpigo, au anameza kimoja kimoja siku tatu alafu anaacha. Aliefundishwa haitafsiri ile namba, anaangalia mgonjwa anatakiwa afanye nini: jua linachomoza, kimoja, jua liko utosini, kimoja, jua limezama, kimoja, kesho tena hivohivo, mpaka kibahasha kiishe hata kama umepata nafuu (hili la mwisho kama mfamasia kalisema, kama hajalisema mkalimani anamuuliza, haongezi kutoka kichwani). Kisha anamwambia mfamasia kwa sauti "naomba mgonjwa arudie mwenyewe tuone kama tumeelewana", asije akabaki anashangaa nyie wawili mnapiga stori gani. Hayo yote hukuzaliwa nayo hata ungekua na kaka watano viziwi, ni ya kufundishwa.

Sasa unasomea wapi. Pa kuanzia ni CHAVITA mkoani kwako, na uende kama mwanafunzi, kaa kwenye vikao vyao, wakukosoe, uliza mafunzo ya LAT yanapangwa lini. Hapo Tabora kuna chuo cha AMUCTA wanafundisha elimu maalumu, Arusha kuna chuo cha ualimu Patandi, ni sehemu nzuri, ila usichanganye madesa, kule kazi kubwa ni kutengeneza walimu. Mwalimu anaruhusiwa kurahisisha, kuongeza mfano wake, kumkemea mtoto asiesikiliza. Mkalimani akifanya kimoja kati ya hivyo katoka kwenye kazi. Ukitaka diploma ya ukalimani wa lugha ya alama yenyewe, jirani zetu Uganda wanayo Chuo Kikuu cha Kyambogo, lakini ujue ukienda utajifunza alama za Uganda ambazo sio zetu, ukirudi lazima ukae na viziwi wa huku upya. Nguvu ya kule ni kanuni za kazi na mazoezi ya kutafsiri.

Na cheti chenyewe kisikutie wazimu. Tarehe 10 Desemba 2013, ibada ya kumuaga Mandela pale Johannesburg, marais wa dunia wako jukwaani, pembeni yao kasimama mtu anarusha mikono na beji ya usalama shingoni. Wanaosikia uwanja mzima waliona mkalimani yupo, mambo safi. Viziwi waliokua wanaangalia kwenye tivii walijua muda uleule kwamba yule hasemi kitu chochote, mikono tu. Ndo maana mi nasema mtihani wa mkalimani ambao hakuna kiziwi kwenye meza ya wapimaji sio mtihani, hata ungekua na mhuri wa nani. Yule kaka wa kamati mrudie, muombe akupime kila baada ya muda, mpe soda.

Habari dada. Mimi ni nesi huku Kigoma. Kuna mama kiziwi anakuja na mwanae wa darasa la nne ndo anamtafsiria. Juzi ilibidi apewe majibu ya kipimo ambayo hata mtu mzima yangemshtua, na mtoto ndo alikua katikati. Aliangalia chini, akamwambia mama yake kitu kifupi sana, mama akatabasamu akaondoka. Mpaka leo sijui alimwambia nini. Kituo hakina mkalimani, we ungefanyaje?

Nesi, hiyo "kitu kifupi sana" umeiona vizuri. Mtoto kamficha mama yake, mtoto yeyote angeficha. Kwahiyo kwanza mrudishe yule mama, majibu hajapata.

Pili, mtoto atoke nje, na sio kwa ukali, mpe kazi akalinde foleni. Kama sio dharura ya kufa na kupona ahirisha masaa au hata siku moja utafute mtu, ofisi ya ustawi wa jamii na CHAVITA ndo pa kuanzia kuuliza. Ikishindikana mkalimani wa mbali kwa video ya WhatsApp anafaa, ila ujue awe mtu aliepimwa, mlango ufungwe, simu iegemezwe kwenye kitu isishikwe na mkono unaotikisika, na bando mnunue nyie kituo, msimwambie mgonjwa anunue. Mama akae anaona simu na anakuona na wewe. Ongea na mama, sio na simu. Usiseme "mwambie kwamba", sema "mama, majibu yako ni haya", mkalimani atajua la kufanya. Barakoa kama sio lazima ishushe wakati unaongea.

Kuandika kwenye karatasi kunasaidia kwa aliesoma, ila viziwi wengi shule iliwaacha njiani, Kiswahili cha kuandika kwao ni lugha ya pili, kwahiyo akisoma karatasi yako na kuitikia usihesabu kwamba kaelewa.

Alafu mwandikie mganga mfawidhi, kwa barua yenye nakala, sio kumwambia korido. Nchi yetu iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, mkataba wenyewe ni wa 2006, na kifungu cha 9 kinawataja wakalimani wa lugha ya alama wenye taaluma kabisa kwa jina. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sio hisani unaomba. Omba fungu dogo tu la kuita mkalimani kwa masaa, hakuna anaesema waajiri kesho. Na nyie manesi jifunzeni alama chache za kuanzia, salamu, inauma wapi, tangu lini, umekula, subiri. Chache tu, za kumfanya mtu asiogope, mazungumzo yenyewe bado yanahitaji mkalimani.

Mambo vipi. Sisi tunaandaa semina ya siku mbili Kasulu, kuna washiriki viziwi sita. Mkalimani tuliempigia anasema lazima waje wawili na anataka slaidi kabla. Mwezeshaji wetu anaongea peke yake siku nzima na halalamiki. Hii sio tamaa kweli?

Sio tamaa. Mwezeshaji anaongea anachokijua, anapumua, anakunywa maji, anawapa kazi ya vikundi anakaa. Mkalimani anasikiliza sentensi hii huku mikono inasema ile iliyopita huku kichwa kinatafuta alama ya neno "riba nafuu", bila kusimama. Utaratibu unaofuatwa ni kupokezana kila dakika 20 hivi, ikizidi sana nusu saa, zaidi ya hapo makosa yanaanza kuongezeka na kibaya zaidi mwenyewe hayasikii, anaona yuko vizuri tu. Kwani kutwanga hampokezani mchi? Na yule wa pili usidhani kapumzika, anashika namba na majina, mwenzake akikwama anamtupia alama, mshiriki akisema kitu nyuma ya ukumbi anakidaka.

Slaidi tuma, tuma na majina ya wageni rasmi. Kiti cha mkalimani kisiwe mbele ya dirisha maana viziwi wataona kivuli tu, awe karibu na anaeongea ili macho yao yasizunguke ukumbi mzima. Umeme ukikatika msiendelee gizani eti "tunasikizana", hao sita wamekatiwa semina. Na makubaliano wekeni kwenye karatasi, masaa, nauli, malazi, nani analipa mkiahirisha dakika za mwisho. Wakalimani wanaonisoma na nyie mnakosea hapa, mnakubali kwa simu alafu mnakuja kulalamika posho imekatwa.

Mimi ni kiziwi, naishi Ujiji. Mkalimani alinisaidia kwenye baraza la usuluhishi la kata, mambo ya ndoa yangu. Baada ya muda mfupi watu sokoni wanajua kila kitu, hata nilichosema mimi mwenyewe. Nikimshtaki atagoma kuja tena, na huku ndo yuko peke yake. Nifanye nini?

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na hasira imenishika. Kutunza siri ndo kanuni ya kwanza kabisa ya ukalimani popote duniani, haina mjadala wala haina "nilimwambia mke wangu tu". Ulichosema kwenye baraza ni chako, mkalimani kapita nacho tu.

Sasa shida yako ni hiyo uliyoisema mwisho, kwamba yuko peke yake. Mtu akiwa peke yake anageuka bosi wa maisha ya viziwi wa mtaa mzima, akinuna nyie hamna hospitali hamna polisi. Wamarekani walianzisha daftari lao la wakalimani 1964, Uingereza nao wanalo, faida yake kubwa mi naona sio vyeti vile vya ukutani, ni kwamba kiziwi anaweza kupeleka malalamiko na mkalimani akaitwa, akionekana ana kosa anafutwa. Ukifutwa umefutwa. Sisi tunatakiwa tufike huko, na hilo ndo ningependa viziwi na wakalimani walidai pamoja kwa kelele.

Kwa leo fanya hivi. Andika malalamiko yako CHAVITA mkoa, tarehe, mahali, alichosema na nani kasikia, wasimamie wao ili isionekane ni ugomvi wako na yeye. Mwambie na mwenyekiti wa baraza kwamba kikao chake kimevuja, maana hiyo ni aibu yake na yeye. Mara nyingine mambo mazito omba mkalimani wa mkoa mwingine kwa video, asiemjua mumeo wala shangazi yako. Ikifika mahakamani mkalimani anaapishwa kabla ya kuanza, na una haki ya kumwambia hakimu huyu simtaki na sababu yake, sema mapema usisubiri hukumu. Na kama unaweza kuandika, kumbuka Sheria ya Ushahidi inaruhusu asieweza kuongea atoe ushahidi kwa maandishi au kwa alama, mbele ya mahakama.

Nyie wakalimani, mkiulizwa sokoni "vipi jana kwa mtendaji kulikua na nini", jibu ni "nilikua kazini", alafu ulizia bei ya migebuka.

Kwanini wakalimani wa kwenye tivii wanakunja sura sana, wengine kama wamekasirika? Mwenzangu anacheka kila taarifa ya habari ikianza. (Nzega)

Hawajakasirika. Sura ni sehemu ya lugha yenyewe, nyusi na mashavu vinasema kama hii ni swali au ni maelezo, kama ni kidogo au ni kingi mno. Mkalimani mwenye sura iliyotulia kama picha ya pasipoti kwa viziwi anaongea kama mtu anaesoma risiti. Mwambie huyo mwenzio ajaribu kuuliza "umekula?" kwa alama bila kugusa nyusi aone kama atajibiwa.

Dada naanza mafunzo ya ukalimani wiki ijayo hapa Kigoma, wametuambia nguo za rangi moja, kucha fupi, na eti hina hairuhusiwi. Ijumaa nina harusi ya mdogo wangu na mi ndo dada mkubwa. Vitenge navyo vina kosa gani jamani?

Hongera kwa harusi na kwa mafunzo. Kitenge chenye maua makubwa mikono inapotea juu yake, macho ya kiziwi yanachoka, jaribu kumwangalia mtu saa nzima utaona. Kwa ngozi zetu nyeusi hizi rangi ya kupoa isiyo na michoro na inayotofautiana na mkono ndo inafaa, kijivu cha mpauko, bluu ya kupoa, maziwa, na wenye ngozi nyeupe wanavaa za giza. Hina na piko za mkononi zina michoro midogo inayovuta jicho kwenye vidole, na vidole ndo maneno yako, ndo sababu. Ila harusi ya mdogo wako hairudiwi, kwahiyo Ijumaa wachore miguuni mpaka magotini kama unataka, mikono waiache, na bangili zinazogongana uzivue Jumapili usiku.